Nilitaka kujitangaza muflisi huku Dongobesh, ng'ombe wa zizini kwangu wakaniharibia mpango

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko mjini na sisi wa huku kwenye baridi.

Mimi jukwaa hili huwa nasoma tu, nacheka na yenu, napita. Leo nimeona na mimi nitoe la kwangu. Ninayoandika yametokea, na wahusika wapo hai, wengine bado wananidai, kwa hiyo majina nimebadilisha. Atakayesema hii ni chai aje Dongobesh, nitamnyoa bure na kumsimulia upya akiwa kwenye kiti.

Ndiyo, mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko senta, karibu na zinaposimama gari za Mbulu mjini. Nyumbani ni juu kidogo, kijijini. Nina mke, nimwite Mama Paulina, na watoto watatu.

Kipato cha kinyozi wa huku mnakijua. Siku ya mnada unakula nyama. Shule zikikaribia kufunguliwa, vichwa vya watoto vinapanga foleni. Siku zilizobaki unafagia kibanda, unakaa, unafagia tena.

Nina pia shamba aliloniachia marehemu baba. Lishikeni hilo shamba kichwani, ndilo habari yote. Baba mwenyewe amelala kwenye kona yake ya juu, chini ya msalaba niliouchomelea mimi.

Sasa nisiwachoshe, twende kwenye kisa.

Kuna msimu vitunguu saumu vilipanda bei huku kwetu, watu wakachanganyikiwa. Mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu ukamwona ana pikipiki. Mwingine akaezeka bati nyumba mpaka banda la kuku.

Msimu uliofuata kila mtu akalima vitunguu saumu. Walimu, manesi, mpaka fundi viatu. Mama Paulina akaniambia tulime nusu, nusu nyingine tuweke mahindi na maharage kama kawaida. Nikamjibu kwamba yeye haelewi biashara.

Mbegu, mbolea na dawa nilikopa kwa Bura, mwenye duka la pembejeo pale senta. Tukaandikishana mbele ya mashahidi kwamba nikishindwa kulipa, shamba linakuwa lake. Nilisaini huku natabasamu, wakuu. Niliona huruma kwamba Bura hatalipata.

Shida ni kwamba kila aliyelima alivuna. Madalali wakaja, wakaangalia magunia, wakatutajia bei ambayo nilidhani ni utani. Hawakuwa na utani.

Ili kumpoza Bura nikakopa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mwenyekiti wake ni Mzee Tluway, jirani yangu wa nyumba ya pili, ambaye pia ni baba mkwe wa Bura. Ili kulipa kikundi nikakopa kwenye simu, hii mikopo ya mtandaoni. Ili kulipa mkopo wa simu nikapakua mkopo mwingine wa simu.

Mnaojua hayo mambo mshaanza kucheka. Nilipochelewa, wakatuma ujumbe kwa kila namba iliyomo kwenye simu yangu, kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Ujumbe ukamfikia mama mkwe wangu huko Gitting, Hanang. Ukamfikia fundi aliyenichimbia choo. Ukamfikia mwalimu wa kwaya, naye kwa nia njema kabisa akaniombea kanisani kwa jina.

Nikawa silali. Simu ikiita naigeuza kifudifudi. Na ukiwa kinyozi huwezi kumkwepa mdai, maana nywele zake zinaota tu, atakuja.

Bura akanipa muda mpaka mvua za kwanza. Baada ya hapo angeingiza trekta la kukodi shambani.

Hilo liliniuma kuliko yote. Mikopo ya simu ni aibu tu, aibu unaizoea. Lakini kumwona mtu mwingine analima kuuzunguka msalaba wa baba yangu, nilijua sitaweza. Kuna siku nilifunga kibanda mapema nikaenda kukaa pale juu peke yangu, nikalia. Nasema wazi, sioni haya.

Sasa akaja binamu yangu Deo. Huyu anasoma sheria chuo kikuu, alikuja likizo. Nikamweleza nikiwa namnyoa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuna njia ya kisheria: mtu akishindwa kabisa na madeni anaweza kwenda mahakamani mwenyewe na kuomba atangazwe muflisi.

Nikamuuliza ndiyo nini. Akasema unaeleza kila ulichonacho na kila anayekudai. Mahakama inamweka mtu wa kusimamia mali zako, zinauzwa, wadai wanagawana kinachopatikana. Wanakuachia nguo na vifaa vidogo vya kazi. Na wadai hawaruhusiwi tena kukufuata fuata.

Wakuu, mimi nilisikia sentensi ya mwisho tu.

Deo akaendelea, kwamba kesi zenyewe si za mahakama ya hapa, kuna ada, kuna wakili, kuna vizuizi ukishatangazwa. Nikashangaa kidogo kwamba hata kufilisika kunahitaji mtaji. Lakini kichwani nilikuwa nimeshafika. Nilijiambia kwamba shamba linaondoka kwa vyovyote, basi angalau simu inyamaze. Na mashine ya kunyolea inabaki.

Jioni hiyo nikala ugali sahani mbili, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mavuno.

Nikamweleza Mama Paulina, Deo akiwepo. Yeye hakulalamika wala hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Wanahesabu vya hapa nyumbani, au na vilivyoko kwa watu?"

Deo akamjibu kwamba ni vyote, popote vilipo. Mama Paulina akasema haya, akainuka kwenda kuangalia moto. Mimi nilidhani anawazia sufuria letu kubwa tulilomwazimisha jirani wakati wa kipaimara.

Kesho yake nikatangaza kibandani. Unajua raha ya mtu aliyepata suluhisho. Kila aliyekaa kwenye kiti nilimweleza: najitangaza muflisi, watu wa mahakama watakuja nyumbani, watachukua kila watakachokikuta, yaishe. Wengine walidhani ni cheo. Mmoja aliniambia hongera.

Hapo ndipo nilipokosea, na niwaeleze kwa nini, maana asiyetoka huku hataelewa.

Huku kwetu mtu mwenye ng'ombe hawafugi wote kwake. Anawagawa. Mmoja kwa rafiki, wawili kwa jirani, mwingine kwa mtu wa kijiji cha mbali. Anayefuga anapata maziwa na mbolea, ila ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Ni utaratibu mzuri, tangu enzi za mababu. Ugonjwa ukiingia zizi moja hupotezi wote, na maskini naye watoto wake wanakunywa maziwa.

Na faida nyingine ambayo hatuisemi sana ni kwamba hakuna anayejua una ng'ombe wangapi. Ndugu mwenye shida akija, anakuta zizi tupu, anaondoka anakuhurumia.

Mfugaji hasemi. Hilo ni la heshima kabisa. Unaweza kumfugia mtu miaka na mke wake asijue. Kuuliza hadharani ng'ombe huyu ni wa nani, hiyo ni tabia ya mtu asiyefundwa.

Basi zizini kwangu kulikuwa na ng'ombe sita. Na katika hao sita, wangu hakuna hata mkia.

Mnaona sasa. Mimi nilikuwa natangaza senta nzima kwamba serikali inakuja kuzoa kila kilichopo nyumbani kwangu, na wenye ng'ombe walikuwa wanasikia.

Jumamosi asubuhi, ukungu bado umelala, nasikia hodi. Ni Mzee Tluway, yule mwenyekiti wa kikundi.

Nikatoka, shikamoo mzee, marahaba, habari za asubuhi, nzuri, watoto, wazima, mvua, bado. Tukamaliza mvua tukaingia kwenye maharage. Tukamaliza maharage tukarudi kwenye mvua. Macho yake muda wote yako zizini.

Watatu kati ya wale sita ni wake. Na huyu ndugu zangu ndiye mzee anayejulikana kijijini kwa kutokuwa na kitu. Kikundi kikichanga kusaidia wasiojiweza, yeye huwa wa kwanza kusaidiwa, tena akiwa mwenyekiti. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kuniambia lililomleta, pikipiki ikaingia uani.

Ni Bura.

Watatu waliobaki ni wa Bura. Na Bura hajamalizia mahari ya binti wa Mzee Tluway. Kila akikumbushwa anasema hana hata ndama, duka lote ni mkopo.

Kwa hiyo miaka yote hiyo mkwe anamficha baba mkwe, baba mkwe anakificha kijiji kizima, na ng'ombe wao wanalamba chumvi kwenye beseni moja kwangu. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa najua, na nilikaa kimya kama inavyotakiwa.

Wakaangaliana. Bura akamwamkia mkwewe kwa adabu zote, kisha akasema amekuja kunyoa.

Mzee Tluway naye akasema hata yeye amekuja kunyoa.

Wakuu, Bura nilikuwa nimemnyoa Alhamisi. Na Mzee Tluway ana upara tangu mimi niko darasa la nne.

Lakini ningefanyaje? Mashine iko kibandani senta. Nikatoa kigoda, nikachukua mkasi wa Mama Paulina wa kushonea, nikamfunga mzee shuka shingoni, nikaanza. Nilikata hewa juu ya kile kichwa kwa uangalifu mkubwa, nikamgeuza kulia, nikamgeuza kushoto, nikampuliza nywele ambazo hazipo. Bura amekaa kwenye gogo anasubiri zamu yake. Hakuna aliyecheka. Mlangoni Mama Paulina alijifunika uso kwa khanga akasema ana mafua.

Katikati ya kunyoa huko akafika mtendaji wa kijiji.

Huyu ni kijana mgeni, kaletwa na kazi kutoka Tanga, mstaarabu sana, ila mambo ya huku bado anajifunza. Akasema amesikia kuna mwananchi wake anataka kufilisika na yeye ofisi haina taarifa. Akaniuliza maswali mawili matatu. Halafu akageuka, akaona zizi.

"Mbona una ng'ombe sita? Hawa ni wa nani?"

Mkasi niliuacha hewani. Mzee Tluway alifumba macho kama anaombewa. Bura akaanza kukagua tairi la pikipiki yake.

Mtendaji akasubiri. Alipoona hajibiwi, akapiga hesabu zake mwenyewe, akasema kama hakuna mwenyewe basi ni wa mwenye zizi, na mwenye zizi akiwa na ng'ombe sita huyo hajafilisika, labda amechoka tu.

Hapo mimi sikuwa na ujanja wowote, naapa. Nilikuwa nataka kuwalinda wazee wa watu na adabu yetu. Nikakumbuka maneno ya Deo, nikajibu kwa upole.

"Mtendaji, hilo nitalisema mahakamani. Huko wanaapisha."

Mtendaji akafurahi. Akasema ni sawa kabisa, na kwa anavyojua yeye kama ng'ombe wana wenyewe, basi wenyewe watafika kueleza mbele ya watu wote ng'ombe yupi ni wa nani, na tangazo atalibandika ubaoni ofisini ili asikose mtu. Alisema kwa moyo mweupe, kijana wa watu. Akaniuliza ni lini.

Bura akainuka pale kwenye gogo, akaniambia nije kidogo. Tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye kichanja cha mahindi. Nilijua sasa naambiwa tarehe ya trekta.

"Nani amekwambia mimi nataka shamba lako?" akasema.

Nikamkumbusha kwamba ni yeye, tena mara tatu, moja akiwa kwenye kiti changu. Akasema yale yalikuwa maneno ya biashara. Akasema tumekua wote, tumesoma wote, na baba yangu alikuwa mtu wake. Nilipe kidogo kidogo kila mavuno, hata ikichukua miaka, yale maandishi ya shamba tutayachana mbele ya mashahidi wale wale. Ila huko mahakamani nisiende, mahakama haina utu. Na kichwa chake na vya wanawe nivinyoe bure mpaka deni liishe.

Nikamwambia nitafikiria. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi. Akaongeza gunia la mbolea.

Tuliporudi, Mzee Tluway naye akasema mgongo unamsumbua, nimsindikize mpaka getini. Pale getini akanishika mkono.

"Kijana wangu, kikundi hakijakufukuza. Madeni ni ya kukaa watu wakaongea."

Akanipa mpaka mavuno ya pili, bila faini. Na yeye kama yule mwingine hakutaja ng'ombe hata kidogo. Wala mimi sikutaja. Sikumtisha mtu, wakuu. Nilinyoa tu.

Nilipomwambia mtendaji kwamba tumeelewana nyumbani, siendi tena mahakamani, alishangaa kidogo, akanipongeza, akaondoka. Baadaye alinitaja kwenye mkutano wa kijiji kama mfano wa mwananchi anayeamini suluhu. Ng'ombe walibaki pale pale zizini, maana kumtoa hata mmoja ni kujitangaza.

Jioni sasa. Tunakula makande, mimi najisikia bingwa. Namsimulia Mama Paulina kama vile hakuwepo. Namweleza jinsi kila mtu kijiji hiki ana kitu kakificha mahali. Nikamalizia kwa kusema, kwa kujihurumia kidogo, kwamba mtu pekee ambaye kweli hana ng'ombe popote ni mimi.

Mama Paulina akaendelea kutafuna.

Halafu akaniuliza kama namkumbuka yule ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe begani, aliyeko kwa Mzee Tluway.

Nani asiyemjua. Kila mtu anajua mzee anamfugia mtu tu, wa nani haulizwi. Napita pale kila asubuhi nikienda senta. Ng'ombe mzuri, mtulivu, kiwele kama ndoo. Maziwa ya chai yetu tunanunua pale kwa mke wa mzee, kila siku, kwa hela yangu ya vichwa. Nimeshamsifia mbele ya Mama Paulina mara nyingi, kwamba yule angekuwa wangu ningemuuza siku hiyo hiyo ninunue mbegu.

"Yule ni wangu," akasema. "Kaka yangu wa Gitting alinipa mtamba. Nikamweka kwa mama Tluway."

Nikaweka kijiko chini.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu Paulina yuko darasa la pili. Paulina sasa yuko kidato cha tatu. Nikamuuliza ana ndama wangapi. Akasema hilo huwa haliulizwi, wewe si ulinieleza leo mwenyewe jinsi adabu ilivyo.

Nikauliza basi kwa nini tunauziwa maziwa ya ng'ombe wetu. Akasema maziwa ni ya anayefuga, ndiyo utaratibu, na ng'ombe si wetu, ni wake.

Iliniuma, siwezi kudanganya. Nililia kule juu kwa baba nikidhani tumekwisha, na yeye alikuwa anajua hatujakwisha. Nikamwambia hivyo. Akasema aliniona siku ile nikitoka kule juu, na kwamba usiku ule alitaka kuniambia. Ila alinitazama akaona bado nina macho ya vitunguu saumu.

Nikajikaza nikamuuliza kama tungeweza kumuuza tumalizane na Bura moja kwa moja.

"Yule si wa madeni. Yule ni wa Paulina kwenda chuo cha uuguzi," akasema, akaniongezea makande.

Nikala, wakuu, mpaka sahani ikaisha.

Sasa hivi hali ni hii. Shamba lipo, msimu huu nusu ni mahindi na maharage, na nusu iliyobaki aliyeamua tuweke nini si mimi. Bura nampunguzia. Wa mitandaoni nawalipa mmoja mmoja, na mwalimu wa kwaya ameshaacha kuniombea. Deo alicheka mpaka akakaa chini, akasema chuoni hawakumfundisha hili.

Na kila asubuhi nikipita kwa Mzee Tluway namsalimia yule mweusi. Ananitazama kama mtu nisiyemdai.

Nilichojifunza ni kimoja. Hiyo sheria ipo, na mtu aliyezidiwa kweli aulize wanaojua, si aibu. Lakini kabla hujaenda kuapa kwamba umefilisika, rudi kwanza nyumbani ukamuulize mkeo kama ni kweli.

Wanasheria mliomo humu karibuni mnirekebishe nilipopotosha. Na nyie wanaume mnaocheka, hebu leo jioni muulizeni mama watoto swali lile lile, halafu mje mtuambie mmejibiwaje. Mimi niko kibandani, ukungu umezidi, vichwa hakuna, nasoma kila comment.